Nani Anamhesabu Mtazamaji? Mustakabali wa Haki za Matangazo katika Michezo ya Mapigano

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabondia na wapiganaji wa kike na wa kiume, makocha, mapromota, wanasheria na watangazaji mliohudhuria, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa haki za matangazo katika michezo ya mapigano, yaani ngumi, MMA (mapigano ya mitindo mchanganyiko) na jamaa zake, na waandaaji walinidokeza kwamba wangependa nitabiri iwapo mfumo wa kulipia pambano mojamoja, ule ambao sote tunauita PPV, umekufa au bado unapumua. Nitalijibu swali hilo, ingawa mapema niseme kwamba silioni kuwa ndilo swali zito. Swali zito ni hili: mtazamaji anapolipa, nani anamhesabu, na hesabu hiyo inamfikia nani? Kwa zaidi ya nusu karne mpiganaji mwenye jina kubwa amepata utajiri wake kutokana na idadi ya watu waliolipa kumtazama, na idadi hiyo ndiyo inayoanza kutoweka mbele ya macho yetu, katika wakati uleule ambapo fedha zinazolipwa kwa ajili ya mchezo wenyewe zinaongezeka.

Tuanzie mlangoni, kwa sababu historia yote ya biashara hii ni historia ya mlango unaohamishwa. Tarehe 8 Machi 1971, Muhammad Ali na Joe Frazier walipopanda ulingoni Madison Square Garden mjini New York, kila mmoja alikuwa amehakikishiwa dola milioni 2.5, fedha ambazo viti vya ukumbi ule visingeweza kuzizalisha hata kama vingeuzwa mara mbili. Zilitoka katika kumbi za sinema, ambako watu walikata tiketi ili watazame kwenye pazia kubwa picha zilizoletwa moja kwa moja kutoka ulingoni. Mlango wa pili ulikuwa umefunguliwa, na mtoza kiingilio alikuwa amesimama mbali kabisa na jasho la wapiganaji. Tarehe 30 Oktoba 1974, Ali na George Foreman walipigana Kinshasa saa kumi alfajiri, na saa ile haikuchaguliwa kwa ajili ya wakazi wa Kinshasa, bali kwa sababu Marekani ilikuwa bado usiku wa siku iliyotangulia na kumbi za huko zilikuwa zimejaa watu waliolipa. Anayelipa ndiye anayeshika saa. Mwaka uliofuata, Ali na Frazier walipokutana mara ya tatu huko Manila, walipigana asubuhi kwa sababu hiyohiyo, na HBO, kituo cha televisheni ya kulipia, ikalitumia pambano lile kuzindua matangazo yake ya setilaiti nchini Marekani.

Kisha mlango ukaingia sebuleni. Aprili 1991, Evander Holyfield alipotetea ubingwa wake dhidi ya Foreman aliyekuwa na umri wa miaka 42, takriban kaya milioni 1.4 zililipa kupitia kebo, na tangu siku hiyo hakuna promota aliyehitaji kuelezwa faida ya PPV. Naomba nikae kidogo juu ya namna fedha hizo zilivyogawanywa, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kaya ilipolipa, takriban nusu ilibaki kwa kampuni ya kebo au ya setilaiti iliyofikisha picha nyumbani, na iliyosalia ikaenda upande wa kituo, promota na wapiganaji. Mgawo wa kampuni ya kebo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na malalamiko kuhusu jambo hilo hayakuwahi kuisha. Lakini mfumo ule ulikuwa na fadhila moja ambayo hatukuithamini tulipokuwa nayo: kila ununuzi ulikuwa muamala mmoja, kwa ajili ya usiku mmoja, kwa majina mawili yaliyojulikana, na kwa hiyo ungeweza kuhesabiwa. Bondia aliyekuwa na kifungu cha mgawo katika mkataba wake aliweza kuuliza, "Zimeuzwa ngapi?", na jibu likawa namba kamili ambayo mwanasheria wake angeweza kuidai mahakamani.

Hakuna aliyeielewa namba hiyo kuliko Floyd Mayweather. Mwaka 2006 alilipa dola 750,000 ili ajitoe katika mkataba wake na promota, na wengi walimwona mpotevu. Mei 2007 akapigana na Oscar De La Hoya, pambano likanunuliwa na kaya milioni 2.4, na ingawa Mayweather ndiye aliyeshinda, De La Hoya ndiye aliyeondoka na takriban dola milioni 52 dhidi ya milioni 25 za mshindi, kwa kuwa De La Hoya alikuwa mvuto mkubwa zaidi na kampuni ya upromota ilikuwa yake. Mayweather aliliona hilo na akajifunza. Tarehe 2 Mei 2015, alipokutana na Manny Pacquiao, ununuzi ulifikia milioni 4.6 nchini Marekani kwa bei iliyokaribia dola 100 kwa picha ya ubora wa juu, na safari hii meza ya hesabu ilikuwa upande wake. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaodhani utajiri wake ulitokana na ngumi peke yake. Ulitokana na ngumi, na pia na haki ya kuliona daftari.

Sisemi haya ili tuililie PPV. Ilikuwa na dhambi nyingi, nami sitazificha. Ilipandisha bei mpaka kijana mwenye hamu ya mchezo akashindwa kuutazama, na mchezo ambao vijana hawauoni hukosa mashabiki wa kesho. Iliwafanya mapromota watunze mapambano makubwa kwa miaka mingi wakisubiri bei ipande, na Mayweather na Pacquiao wenyewe walikutana mmoja akiwa na miaka 38 na mwingine 36, wakati watu walikuwa wamelitaka pambano hilo tangu wakiwa na nguvu zao zote. Iliwapa nguvu kubwa mno wale walioshika nyaya: mwaka 1997, baada ya shinikizo la kisiasa lililoongozwa na Seneta John McCain, makampuni makubwa ya kebo ya Marekani yaliiondoa UFC, kampuni ya mapambano ya MMA, katika orodha zao, na mchezo uliokuwa umeanza kwa kishindo mwaka 1993 ulikaribia kufa, hata Januari 2001 kampuni nzima ikauzwa kwa dola milioni 2 tu. Tena PPV ilizaa uharamia ambao haujapata dawa, maana bei inapokuwa mzigo, mtu mwaminifu naye huanza kutafuta njia ya uani. Na hata teknolojia ilipobadilika haikuwa nafuu kila mara: usiku wa Mayweather na Conor McGregor, Agosti 2017, ilibidi pambano kuu licheleweshwe kwa sababu mifumo ya kuuzia ilizidiwa na wanunuzi wa dakika za mwisho.

Zaidi ya yote, kifungu cha mgawo kilikuwa cha wachache. Wapiganaji wengi mno wa mapambano ya utangulizi hawakuwahi kuona hata senti moja ya ununuzi. Walilipwa kiasi cha kupigana na kiasi cha kushinda, basi. Kwa hiyo ninapotetea hesabu ya PPV natetea kanuni yake, wala sidai kwamba iliwahi kuwa ya haki kwa wote.

Sasa nije kwenye mabadiliko yenyewe. Dalili ya mwanzo ilitoka kwa mieleka ya maonyesho: Februari 2014, WWE ilianzisha huduma yake ya mtandaoni kwa dola 9.99 kwa mwezi na kuweka ndani yake matukio ambayo awali yaliuzwa mojamoja kwa bei iliyozidi hiyo mara kadhaa. Mwaka 2018 DAZN, huduma ya michezo ya mtandaoni, iliingia Marekani ikitangaza kwamba zama za PPV zimekwisha, ikamsainisha bondia Canelo Álvarez mkataba wa mapambano 11 wenye thamani ya dola zisizopungua milioni 365. Mnakumbuka ulivyoishia. Canelo alipigana mara tatu tu chini ya mkataba ule, mwaka 2020 akafungua kesi, akaachwa huru mwishoni mwa mwaka huo, na Mei 2022 DAZN hiyohiyo ikauza pambano lake na Dmitry Bivol kwa njia ya PPV. Kwa hiyo anayewaambieni leo kwamba PPV imezikwa, mwulizeni ni mazishi ya ngapi.

UFC ilipita njia nyingine, ya ujanja zaidi. Kuanzia Aprili 2019, mkazi wa Marekani aliyetaka kununua pambano lake kubwa alilazimika kwanza kuwa mteja wa ESPN+, huduma ya mtandaoni ya kituo cha michezo cha ESPN, kisha alipie pambano lenyewe juu ya ada hiyo, na bei ikapanda hatua kwa hatua kutoka dola 59.99 mpaka 79.99. Jambo lililozungumzwa kidogo ni kwamba mpangilio ule uliipatia UFC fedha za uhakika hata kabla ya ununuzi kuhesabiwa, na hapo ndipo namba zilipoanza kuadimika hadharani. Tunajua kwamba pambano la Khabib Nurmagomedov na McGregor, Oktoba 2018, lilinunuliwa mara milioni 2.4. Kwa mapambano mengi yaliyofuata baada ya kuhamia kule, umma umebaki na tetesi.

Agosti 2025 pazia likashushwa kabisa. TKO, kampuni mama ya UFC, ilitangaza mkataba wa miaka saba na Paramount wenye thamani ya dola bilioni 7.7, kuanzia 2026, ambapo matukio makubwa 13 na mengine 30 ya kawaida kila mwaka yanaonyeshwa kwa mteja wa Marekani ndani ya ada yake ya mwezi, bila malipo ya ziada. Mwezi uliofuata, Canelo na Terence Crawford walipigana Las Vegas, pambano ambalo miaka kumi kabla lingeuzwa kwa bei ya juu, na Netflix ikalionyesha kwa wateja wake wote, kisha ikatangaza watazamaji zaidi ya milioni 41.

Kwa nini makampuni haya yanalipa fedha nyingi hivyo? Jibu ni la kibiashara na halina fumbo. Adui mkubwa wa huduma ya ada ya mwezi ni mteja anayejiunga kwa ajili ya tamthilia moja, akaimaliza kwa siku tatu na kujitoa. Filamu inasubiri, pambano halisubiri, kwa sababu likishajulikana mshindi limepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Matukio 43 kwa mwaka, yaliyotawanywa karibu kila wiki bila msimu wa mapumziko, ni kamba ya kumfungia mteja asiondoke. Kwa shabiki hii ni neema, na sina haja ya kuizungukia: aliyekuwa akilipa karibu dola 80 kwa usiku mmoja sasa analipa pungufu sana kwa mwezi mzima. Kwa mwenye kampuni ya mapambano ni neema kubwa zaidi, kwa kuwa amehamisha hatari yote kwa mnunuzi. Bingwa akiumia na pambano kuu likafutwa, fedha zake zipo palepale.

Kwa mpiganaji, jambo linakuwa gumu. Ada ya mwezi haimtaji. Mtu aliyelipia huduma yenye filamu, katuni, mpira na mapambano, amelipa kwa ajili ya nani? Pambano la Jake Paul na Mike Tyson la Novemba 2024 lina funzo kubwa hapa. Netflix ilitangaza kwamba kaya milioni 60 zililitazama, ikatangaza pia kwamba kilele cha mitiririko iliyokuwa ikiendelea kwa wakati mmoja kilifikia milioni 65, na baadaye ikatoa makadirio ya watazamaji milioni 108 duniani. Sisemi kwamba kuna namba ya uongo kati ya hizo tatu. Kila moja inapima kitu chake: kaya, mitiririko, watu. Ninachosema ni kwamba mpimaji, mwenye mizani na mwenye duka ni mmoja, na mwanasheria ambaye angetaka kumdaia mteja wake mgawo hapo angelazimika kwanza kubishana juu ya maana ya neno "mtazamaji". Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, limeandikwa kwa uangalifu kuliko wakati wowote katika historia ya michezo, kwa maana mtambo unajua nani alifungua, dakika gani, na alifunga raundi ya ngapi. Lipo, ila limefungiwa ndani.

Ukweli huu ungekuwa mwepesi kama mpiganaji angekuwa na wanunuzi wengi wa kumkimbilia, lakini historia inatuonya kuhusu kumtegemea mmoja. Mwaka 2006 kituo cha Fuji kilivunja mkataba wake na PRIDE, iliyokuwa kampuni kubwa ya MMA nchini Japani, na kabla mwaka haujaisha vizuri PRIDE ilikuwa ikitafuta mnunuzi. Mwaka 2007 ikanunuliwa na wamiliki wa UFC. HBO iliachana na ngumi mwishoni mwa 2018 baada ya miaka 45, Showtime ikaachana nazo mwishoni mwa 2023, na si kwamba watu walikuwa wameacha kuzipenda. Wenye kampuni walikuwa wamebadili mipango. Vivyo hivyo na fedha za serikali. Zaire ya Mobutu ilitoa dola milioni 10 kwa Ali na Foreman ili jina la nchi litajwe duniani, na leo Saudi Arabia imegharimia mapambano ambayo soko peke yake lisingeyalipa kwa viwango vile. Mimi si mmoja wa wanaozikataa fedha hizo kwa kelele, kwani zimetupatia mapambano tuliyoyasubiri kwa miaka. Nakumbusha tu kwamba mfadhili asiyehitaji faida haongozwi na hesabu, na asiyeongozwa na hesabu anaweza kuondoka bila kutoa sababu.

Je, PPV itabaki? Itabaki, kwa sura mbili. Ya kwanza ni usiku wa nadra ambapo hamu ni kubwa kuliko ada yoyote ya mwezi. Juni 2022, Tenshin Nasukawa na Takeru, nyota wa kickboxing wa Japani, walipokutana Tokyo Dome, kituo cha Fuji kilijitoa wiki chache kabla, na huduma ya mtandaoni ya Abema ikauza pambano hilo zaidi ya mara 500,000, jambo ambalo watu walikuwa wakiamini haliwezekani katika nchi iliyozoea kutazama mapambano bure. Sura ya pili, na ndiyo inayonivutia zaidi, ni ya promota mdogo. Zamani hakuweza kuuza chochote nje ya ukumbi wake bila kibali cha kampuni ya kebo; sasa kamera chache, intaneti nzuri na njia ya kupokea malipo zinatosha kumuuzia shabiki moja kwa moja. Nusu iliyokuwa ikibaki kwa mwenye nyaya inaweza kurudi kwake. Promota wa namna hiyo akimwonyesha mpiganaji orodha ya mauzo siku inayofuata, atakuwa amempa kitu ambacho bingwa wa dunia aliye kwenye huduma kubwa pengine hana.

Na hao mabingwa, pamoja na wale wa mapambano ya utangulizi, wadai nini? Kwanza, ukaguzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali inamtaka promota wa ngumi amweleze bondia kiasi anachopata kutokana na pambano lake, lakini sheria hiyo haiwagusi wapiganaji wa MMA, nayo iliandikwa wakati fedha zilikuja pambano kwa pambano. Mkataba wa miaka saba unaolipwa kwa jumla unahitaji kifungu kipya, kinachoeleza ni sehemu gani ya ada ile ya jumla inahesabiwa kuwa ya usiku ule ambao mpiganaji amepanda ulingoni. Bila kifungu hicho, kuelezwa mapato ya pambano ni kuelezwa sifuri, kwa kuwa pambano lenyewe halijauzwa.

Pili, badala ya mgawo wa ununuzi, uwekwe mgawo wa muda uliotazamwa, unaothibitishwa na mkaguzi wa nje ambaye pande zote mbili zimemkubali, na maana ya "mtazamaji" iandikwe ndani ya mkataba kabla ya kusainiwa. Nimesikia hoja kwamba makampuni hayatakubali kufungua takwimu zao. Yanawafungulia watangazaji wa biashara, kwa sababu hao wasingelipa wasipofunguliwa. Mpiganaji naye ni mtu anayetoa kitu cha thamani.

Tatu, kumbukumbu. Huduma ya mtandaoni hainunui usiku mmoja tu, bali inanunua rafu. Pambano zuri litatazamwa miaka ishirini ijayo, vipande vyake vitasambazwa, na mtoano wa sekunde tatu utazunguka dunia mara nyingi kuliko pambano zima lililouzaa. Mikataba mingi niliyopata kuisoma inamwondolea mpiganaji haki hizo zote kwa sentensi moja, na mara nyingi sentensi hiyo imewekwa ukurasa wa mwisho, baada ya aya ndefu kuhusu kupima uzito.

Atakayesema kwamba madai haya ni ndoto, namkumbusha kesi ya wapiganaji dhidi ya UFC iliyomalizika kwa makubaliano ya dola milioni 375, yaliyoidhinishwa na mahakama mwanzoni mwa 2025. Hati za kesi ile zilionyesha kwamba fungu la wapiganaji lilikuwa kiasi cha asilimia 20 ya mapato, wakati wachezaji wa ligi kubwa za kikapu na za mpira wa Kimarekani hupata karibu nusu. Wale wachezaji hawapigi kwa ustadi zaidi wala hawaumii zaidi. Wana vyama vinavyojadiliana kwa pamoja, na vyama hivyo huketi mezani vikiwa na hesabu ya mkataba wa televisheni mkononi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, rasimu ya vifungu hivi vitatu nimemkabidhi katibu, pamoja na mfano wa ile sentensi ya ukurasa wa mwisho ili kila mmoja ailinganishe na ya kwake. Kwa ruhusa yako, naomba maswali yaanzie kwa wapiganaji, na hasa wale ambao bado hawajasaini.